Kitabu cha Kuchekesha cha Liwali

Liwali wetu wa Bagamoyo alikuwa akiandika kitabu cha kumcheka liwali mpumbavu wa mji usiokuwepo, na kila Ijumaa baada ya sala alitusomea barazani. Liwali wa kitabuni huvaa joho zito juani, husinzia katikati ya kesi, na akizinduka humfunga shahidi. Wetu naye alisoma akijifuta jasho kwa upindo wa joho, vidole vimechafuka wino. Sisi tuliinamisha vichwa kama tuko matangani. Shahidi wa kesi ya mjini kwetu ya juma lile alikuwa bado yumo jela.

Mwishowe akamwita mtani wake Majaliwa, Mnyamwezi muuza tumbaku, anayecheka hata mazikoni.

“Cheka basi, mtani.”

Majaliwa akasikiliza ukurasa mzima, uso mkavu.

“Nilikuja tayari kucheka, mtani. Waliniambia umetunga.”