Mejumaa na Karatasi ya Mwisho

Mejumaa binti Masha alikuwa kidato cha nne, na hamu yake haikuwa mtihani. Hamu yake ilikuwa shule ifungwe.

Alikaa Kibokoni kwa mama yake mdogo, Mwanatumu, na mumewe Fuad, afanyaye kazi bandarini, gati la Mbaraki. Mama mzazi alikuwa kwao Kinango, mgonjwa wa figo, hatoki kitandani. Siku ya kuagana alimwambia, "Wewe nenda ukafanye mtihani. Ukifunga, uje tulale kitanda kimoja, unikune mgongo. Hawa ndugu zako hawajui kukuna."

Basi mtihani ukaanza. Kila jioni Fuad akirudi kazini humkuta barazani na vitabu, akamchokoza.

"Daktari! Leo umeua wangapi?"

"Wote, Ami. Kesho zamu yako."

Mwanatumu akacheka huko jikoni.

Mtihani ulipofika katikati, mke na mume wakaondoka alfajiri, wakasema wanakwenda kumtazama mgonjwa. Walirudi magharibi. Mwanatumu macho yamemvimba.

"Vumbi la Kinango hilo," akasema, wala hajaulizwa.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia sana."

"Amekula?"

"Amekula."

"Amekula nini?"

"Uji," akasema Mwanatumu.

"Wali," akasema Fuad, papo hapo.

Wakatazamana.

"Uji wa mchele," akasema Fuad, akaenda zake msalani.

Tangu hapo Fuad hakumwita daktari tena. Akirudi humuuliza, "Umeshindaje, mwanangu?" kwa upole, kama asemaye na mgeni. Bi Rukia wa nyumba ya pili, ambaye hakuacha siku bila kumgombeza kwa kumwaga maji uchochoroni, sasa anamwambia, "Mwaga tu, mwanangu. Maji hayana neno." Na simu ya Mwanatumu, aliyokuwa akiiazima kumpigia mama, ikawa kila akiitaka haina chaji.

Mejumaa hakuwa mjinga. Alijua watu wafanyavyo siku hizi: mwenye mtihani haambiwi msiba mpaka amalize karatasi ya mwisho. Alijua pia kwamba kwao maiti hailazwi. Kama ni hilo, basi mama alizikwa siku ile ile ya vumbi, naye yuko darasani anajibu Historia.

Alimwambia Cynthia tu, anayekaa naye dawati moja, binti wa mtu wa bara afanyaye kazi reli, wa mtaa wa Buxton.

"Si uwaulize?" akasema Cynthia.

"Nikiuliza nitajibiwa."

"Labda si hilo. Labda wana lao jingine."

"Labda."

"Ingekuwa ni kwetu wangekungoja. Maiti ingekaa mochari hata mwezi mzima, mpaka..." Cynthia akajisikia anachosema, akaziba mdomo.

Hapo hamu ya Mejumaa ikageuka. Wenzake kila karatasi ikitoka walishangilia, wanaitaja likizo kama chakula. Wa kulala atalala, wa kwenda bara atakwenda bara. Yeye alitaka mtihani usiishe. Maadamu haujaisha, hakuna wa kumwambia.

Ukaisha. Karatasi ya mwisho ilikuwa Fizikia. Aliandika alichokijua, nacho si kingi, kisha akakaa. Msimamizi akapita anakusanya. Akaivuta karatasi yake, haikuja.

"Binti, wakati umekwisha."

"Bado, mwalimu."

"Bado nini? Umefika ukurasa wa mwisho."

"Bado kidogo."

Darasa likacheka. Mmoja akasema nyuma, "Mwacheni, huyo anapenda shule!"

Msimamizi akamfungua vidole, kimoja kimoja, bila ukali, akaichukua.

Nje walikuwa wanamwagiana maji na unga. Cynthia alikuwa mweupe hata kope. Akamkimbilia Mejumaa, mkono umejaa unga, kisha akatupa jicho langoni, akausimamisha mkono.

Langoni alisimama Fuad, na kanzu, siku ya kazi. Kando yake Mwanatumu, ameshika leso iliyokunjwa. Hawajapata kumjia shuleni hata mara moja.

Mejumaa akawaendea. Mwanatumu akafungua kinywa.

"Mlimzika wapi?" akauliza Mejumaa.

Mwanatumu akamtazama mumewe. Fuad ndiye aliyejibu.

"Kando ya babu yako."

"Aliniulizia?"

"Alikuulizia."

"Mkamwambia nini?"

"Kwamba u karibu kufunga."

Mejumaa akaitikia kwa kichwa. Mwanatumu akaanza kulia, akitaka kumsimulia tangu mwanzo, ugonjwa ulivyomzidi na nani alikuwapo.

"La, mama mdogo," akasema Mejumaa. "Si leo."

Mwanatumu akamtandazia ile leso mabegani, juu ya sare. Wakashika njia ya Ndia Kuu, Mwanatumu mbele, Fuad nyuma, na msichana katikati. Maduka yalikuwa wazi. Watu walikuwa wanauza na kununua, na wanaomjua waliinamisha macho akipita.