Kikombe cha Ruthena

Zamani mtu akifa hapa kisiwani, kikombe alichonywea mwisho kilivunjwa ukingo, kikawekwa juu ya kaburi lake na hakuna aliyethubutu kukigusa. Siku hizi yuko mwanamke wa chuo kikuu anayekuja kuvikusanya akiwa amevaa glavu nyeupe. Huongea polepole, kana kwamba sote tumelala na hataki kutuamsha. Kila kitu cha hapa hukiita "urithi wetu". Kwenye mikutano ya kanisani hula wali wetu wa kaa mpaka sahani ing'ae, hukubali kwa kichwa kila neno tunalosema, kisha hufanya lile alilokuja kulifanya. "Jamii imeridhia," husema. Mimi ni jamii, na sikuulizwa.

Mara ya mwisho nilimwona chuoni, siku ya kufungua maonyesho. Kikombe cha marehemu mke wangu, Ruthena, kilikuwa ndani ya kabati la kioo, kimewashiwa taa yake peke yake.

"Nimekuja kukichukua," nikamwambia.

"Mzee wangu, kule makaburini kingepotea. Hapa kiko salama."

"Binti, hatukukiweka pale kiwe salama. Tulikiweka ili asirudi nyumbani kukitafuta."

Akashika kifua. "Maneno mazuri hayo. Naomba uyarudie, turekodi."

Nikaweka kiganja kwenye kioo. Alisubiri kidogo, akatoa kitambaa, na nilipoondoa mkono tu, akapafuta.