Mtoto Aliyenyamaza Katikati ya Viatu

Jirani yangu wa meza sokoni, muuza viatu vya mitumba, tulimwita Mama Punguza. Mtajie bei, hata iwe ya haki, ataikata nusu kwanza ndipo aanze kukusikiliza. Simlaumu. Mimi nauza mabegi, na ndivyo nilivyojijenga. Kosa lake ni kwamba alitaka kupatana na kila mtu, hata na muuguzi.

Bintiye wa miaka mitatu alikuwa halali bila chupa ya maziwa ya sukari mdomoni. Meno ya mbele yakaanza kuliwa kwenye ufizi, yakawa na rangi ya chai, kisha shavu likavimba kidogo. Muuguzi wa zahanati akamwambia aache ile chupa, ampige mtoto mswaki asubuhi na usiku, na dawa ya maji ampe siku saba bila kuruka. Mama Punguza akarudi sokoni anacheka. Alisema wale wauguzi huanzia juu, wanajua utashuka tu. Basi akashuka: mswaki mara moja, akikumbuka, chupa akaijaza nusu, dawa siku mbili, uvimbe ulipopungua, iliyobaki akaiweka akiba.

"Na haya ya utotoni si yanang'oka yenyewe?" akaniambia. "Nihangaikie kitu kinachoondoka?"

Nikaona ana hoja. Nakiri.

Wiki ya tatu mtoto, aliyekuwa akilia kila usiku, akaacha kulia. Mamaye akashukuru. Mchana mmoja nikaenda kwake kuchagua viatu. Ni chumba kimoja. Viatu vimepangwa ukutani pande zote, ncha zikitazama ndani, kama umati uliosimama kimya usio na miili. Katikati ameketi mtoto, kanipa mgongo, kafumba mdomo, anavumisha wimbo puani. Kulikuwa na harufu tamu, ya tunda lililosahauliwa ndani ya mfuko. Nikadhani ni viatu. Nikanusa pea mbili, ngozi tupu.

Ndipo akageuka. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba, laini, linang'aa, na jicho la juu yake limefumba kabisa. Ungesema nusu ya uso ule ni ya mtu mwingine, amelala. Jicho lililobaki likanitazama bila kupepesa, na wimbo haukukatika.

"Siku hizi katulia," mamaye akasema nyuma yangu.

"Huyu hajatulia, shoga. Mbebe twende."

Muuguzi alimtazama mara moja tu. Akasema usaha umepanda, unaelekea jichoni, aende hospitali kubwa sasa hivi. Mama Punguza, kwa mazoea, akauliza kama kesho asubuhi haifai.

"Mama, hapa hatupatani," muuguzi akamjibu taratibu. "Kesho huenda ukawa huna wa kumleta."

Wimbo wa mtoto, aliouvumisha njia nzima, ukakatika. Nilishamwona Mama Punguza akipitisha kidole ndani ya kila kiatu kabla ya kununua, akitafuta ufa. Sasa, kwa mara ya kwanza, akapitisha kidole kwenye mdomo wa mwanawe. Kilitoka na usaha, na ile harufu tamu.

"Niambie tena, dada," akamwambia muuguzi. "Moja moja. Na unieleze kwa nini."

Hospitalini walimng'oa meno sita. Jicho lilifumbuka siku ya nne, na dawa ilitumika mpaka tone la mwisho. Siku hizi, kabla ya kulala, mamaye humfungua kinywa na kupiga mswaki yaliyobaki, jino kwa jino. Mtoto hamzuii wala halii. Humkazia macho tu mpaka amalize.