Mama Princess wa Mkuyuni

Kwenye mgahawa wa Zahabia pale Mkuyuni, jijini Mwanza, wateja walimjua Apiyo kwa jina la Mama Okech. Mteja akiinuka tu, yeye yuko pale na ndoo zake mbili. Anaosha meza kwa maji ya sabuni, anasuuza, halafu anapaka maji ya klorini na kuyaacha yakae kidogo kabla ya kukausha, ili vijidudu vife. Zahabia ndiye aliyemfundisha utaratibu huo, na kwa hilo hakuwa na mzaha. Meza inaweza kung'aa, alikuwa akisema, na bado ikaua mtu.

Kwao Mara, kijijini kwa wavuvi, Apiyo alikuwa na jina jingine. Princess alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alizaliwa mzima, akanyonya vizuri. Mchana mmoja Apiyo alimlaza kwenye kona ya kibanda cha chipsi alikokuwa akifanya kazi, akaendelea kusugua kaunta kwa klorini. Alipoinama kumchukua anyonye, mwili ulikuwa umeshapoa. Hospitali walimwambia pumzi ilikatika usingizini, na sababu haikuonekana. Apiyo hakuweza kuishi na jibu hilo. Akajitafutia sababu mwenyewe, akaiona mikononi mwake: harufu ya klorini. Hata mumewe, Okomo, hakumwambia.

Walihamia Mwanza, Okomo akapata kazi ya kupakia dagaa, na Okech akazaliwa. Zahabia alimruhusu Apiyo aje naye kazini, amlaze juu ya kanga chumba cha nyuma penye magunia ya mchele. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Okech alikuwa akipumua harakaharaka, kisha kimya, kifua kimetulia tuli. Katika kimya kile Apiyo hakumwona Okech tena. Alimwona Princess, amelala juu ya kanga ileile, midomo imefunguka kidogo. Halafu pumzi inarudi, na Okech naye anarudi. Mara nyingine alishindwa kungoja, akamtikisa mpaka akalia.

Ndipo akaacha klorini. Ndoo ya pili akawa anaitia maji matupu. Meza ziling'aa vilevile, lakini yeye alijua. Siku moja alimwona mtoto wa mteja akiokota punje za wali mezani na kuzitia mdomoni. Akaenda akaifuta meza ile tena, kwa maji yaleyale matupu, maana klorini hakuthubutu kuigusa.

Kisha akaingia mchuuzi wa samaki kutoka kwao, akamwona, akamwita kwa furaha, "Mama Princess!" Ndoo ilimponyoka, maji yakatapakaa hadi miguuni kwa Zahabia. Zahabia akainama, akachovya kidole, akanusa.

"Haya ni maji tu," alisema.

"Ndiyo, Mama Aftab," alijibu Apiyo, akimwita Zahabia kwa jina la mwanawe.

"Na Princess ni nani?"

Apiyo alimweleza yote, amesimama palepale kwenye maji. Zahabia alisimamisha huduma, akaziosha meza zote kwa mikono yake, moja baada ya nyingine, na Apiyo akaona kazi yake pale imekwisha. Alipomaliza, Zahabia akamwambia ambebe mtoto, waende zahanati.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima aitwaye Kashindye. Apiyo alimwamkia, akaitikiwa marahaba. Okech alikuwa amelala. Kashindye alimlaza kitandani, akasema wamtazame bila kumgusa. Pumzi ikasita. Apiyo alinyoosha mkono, muuguzi akaushika. Pumzi ikarudi.

Kashindye akamweleza Apiyo kwamba watoto wachanga hupumua hivyo, husita kidogo wakaendelea. Alazwe chali, mahali pagumu kiasi, bila mto wala nguo karibu na uso, mbali na moshi. Klorini ichanganywe kwa kipimo, madirisha yawe wazi, na mtoto asilale ilipo. Lakini akikawia kuvuta pumzi, au akilegea, au midomo ikigeuka buluu, asingoje kitu, amkimbize hospitali.

"Princess nilimuua mimi?" Apiyo aliuliza.

Kashindye alimrudishia mtoto mikononi. "Sioni kwamba ni wewe, mwanangu. Ila sitakudanganya kwamba najua kilichomuua."

Apiyo alirudi kazini. Okech akawa analazwa ghorofani kwa Zahabia, dirisha wazi, na meza zikapata klorini yake. Sasa Okech anatembea, anavuta nguo za watu na kuomba sambusa.

Ila Apiyo hajapona kabisa. Juzi msafiri aliyeshuka kwenye kivuko cha Sengerema alimaliza chai yake, akalala, kichwa juu ya meza. Apiyo alifika na kitambaa, akasimama. Wateja walimwita, hakusikia. Zahabia alimwona, akaenda kuwahudumia mwenyewe. Apiyo alibaki pale akimtazama yule mtu mgongoni, maji yakimtiririka vidoleni, mpaka mabega yakainuka kwa pumzi.