Mwisho wa Filamu Aliokataa Kuuficha

Amefariki yule mzee wa Kikongo wa hapa mjini kwetu Mesquite, ughaibuni, aliyekuwa akitutafsiria filamu. Habari ilinikuta kazini, nikalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu. Katikati ya wiki alikuwa akibeba maboksi ghalani. Jumapili baada ya ibada, sebule yake ilijaa. Watoto wetu walijua Kiingereza, lakini akina mama waliotoka kambi za wakimbizi juzijuzi walimtegemea yeye, akisimama kando ya televisheni na kuigiza kila sauti, hata ya mbuzi.

Jumapili moja aliweka filamu ya vichekesho ya wakati wa vita: watoto wa mjini wamepelekwa mashambani kukwepa mabomu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mbele alikaa mama mmoja ambaye, vita vilipofika kwao Kivu, alimpandisha bintiye mdogo kwenye lori la jirani lililobaki na nafasi moja tu. Jirani huyo sasa aliishi mtaa wa Sharpstown, mjini Houston, na miaka yote hiyo binti alikuwa naye. Jumamosi iliyofuata mama angekwenda kumchukua, na nguo mpya alikuwa ameshanunua.

Mwishoni mwa filamu vita vimekwisha. Mama wa mmoja wa watoto wale anashuka garimoshi mbio, anamkumbatia mtoto asiye wake. Kicheko! Kisha mtoto wake halisi anajificha nyuma ya sketi ya mwenyeji, anasema kitu. Watoto wetu, walioelewa Kiingereza, wakaacha kucheka. Mzee naye hakutafsiri.

“Papa, anasema nini?” yule mama wa mbele akauliza.

Nikamkonyeza mzee: mdanganye tu, kwani kuna ubaya gani? Akanitazama, kisha akamgeukia mama.

“Mutoto anasema hamujui huyu mama. Anasema mama yake ni ule mwenye alimulea.”

Mama akainuka, akatoka nje. Nikamfokea mzee, “Una roho gani wewe?”

“Heri aumie hapa, mu nyumba ya bandugu, kuliko kule Houston ku mulango, mutoto akimuangalia.”

Nilimwona katili. Lakini kule Houston binti alijificha kweli nyuma ya jirani, na mama hakumvuta. Alikaa nao, akanywa chai, akarudi peke yake. Akaenda tena, na tena, mpaka siku binti alipoingia garini mwenyewe.

Sisi wa ughaibuni tumezoea kupunguza makali. Tukipiga simu nyumbani, kila kitu shwari. Daktari akitamka neno zito, tunampa mgonjwa jepesi, eti huruma. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mtu aliyeambiwa ukweli mapema hupata angalau nafasi ya kujikaza.

Jumamosi tulimzika mzee. Binti yule, sasa msichana mkubwa, ndiye aliyemwendesha mama yake hadi kanisani. Mchungaji alihubiri kwa Kiingereza, na binti akainama sikioni mwa mama akimtafsiria neno kwa neno, hata yale yaliyomliza.