Nilivunja Nyumba ya Baba, Mama Akiwa Edani

Kosa ni langu, simsukumii mtu. Si mwenyekiti, si wilaya, si mambo ya miaka ile. Mkono uliotia sahihi ni huu huu ninaoandikia.

Kwetu ni ndani huko Kisarawe. Wakati ule wa kuhamia vijijini mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya kijiji. Kijana wa darasa la nane, kalamu mbili mfukoni, na kujiona kwingi! Kazi yetu ilikuwa kupanga nyumba kwa mistari. Vibanda vya fito na udongo havikutupa shida, mtu anabomoa leo, wiki ijayo kashajenga kwingine. Shida zilikuwa nyumba tatu za mawe za tangu zamani. Wengine walisema zibaki, ziwe ghala au darasa. Wengine walisema zing'olewe, zinaharibu mstari.

Moja ilikuwa ya kwetu. Babu aliijenga kwa biashara ya sandarusi, ule utomvu aliokuwa akiuchimba ardhini na kuupeleka pwani kuuza. Kuta nene za mawe na chokaa, mlango wa mvule, baraza wanakaa watu kumi na tano bila kubanana. Baba alizaliwa mle, na mle mle akafia, miezi mitatu tu kabla ya haya ninayoyasema. Mama alikuwa ndani amekaa eda.

Eda mnaijua. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumba ya mumewe, wala hajionyeshi kwa wanaume wa kando.

Basi kikaoni mwenyekiti hakutaka lawama. Akasema zile mbili zibaki kwanza, na hii ya marehemu aiamue katibu, maana ni kwao. Wote wakanigeukia. Jamani! Nilitakiwa kusema neno moja tu, nayo ibaki. Lakini nikamwona mjumbe mmoja anatabasamu pembeni, nikajua anangoja niwabebe watu wa kwetu. Damu ikanichemka. Nikasema ivunjwe, tena ianze hiyo, Jumamosi hii hii, watu wajue katibu hana upendeleo. Wakanipigia makofi, nami nikavimba kichwa.

Mama akamtuma shangazi aje kuniita. Nilimkuta kwenye mkeka, kajifunika shuka lake jeupe. Hakulia, wala hakunigombeza. Hata kuvunja kwenyewe hakukupinga.

"Vunjeni," alisema. "Niachie siku arobaini tu, baba, nimalize eda ya baba yako."

Nikamjibu kwamba siku imeshaandikwa. Niliyeiandika ni mimi mwenyewe, wallahi!

Jumamosi wanaume wakaja na sululu na mitaimbo. Shangazi na wanawake wenzake wakamzungushia Mama mikeka na kanga, wakamtoa hivyo hivyo, nyayo tu ndizo zinaonekana. Wanaume wote wakageuza nyuso, hata yule mjumbe wa tabasamu. Mimi nilisimama na karatasi yangu, namtazama mama yangu anavyotembezwa. Siku zilizobaki alizikaa kwenye chumba cha kuazima kwa jirani.

Baadaye akapita bwana mmoja wa wilayani kukagua. Akauliza nani katuambia tuivunje. Akasema nyumba kama ile ingetufaa kwa shule, na mstari tungeukunja kidogo pale, basi. Nilitamani ardhi inimeze! Zile mbili hadi leo zimesimama, na moja watoto wanasomea. Pale kwetu pameota vichaka. Mawe ya msingi yalitushinda kung'oa, kwa hiyo hakuna aliyepewa hata hicho kiwanja.

Eda ilipokwisha Mama akahamia kwa dada yangu, Mlandizi. Mimi nilipotaka kuoa nikawaendea wajomba wakaniposee. Wakanijibu nikapose na kamati yangu. Sikuoa. Ukatibu nao ukaenda kwa wengine. Nakula peke yangu, ndugu zangu. Iddi inanikuta napika wali wa mtu mmoja, nafunga na mlango nisisikie vicheko vya nyumba za jirani. Upweke huu sina wa kumlalamikia.

Mwaka jana nikapanda basi kumfuata Mama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Akanitandikia mkeka mpya, ule wa wageni. Akaniuliza habari za safari, akasimamia nipate chakula kizuri. Neno baya sikulisikia. Nilipomaliza kunawa nikamwambia nimekuja kumchukua turudi nyumbani.

Akaniangalia kwa upole.

"Nyumbani wapi, bwana katibu?"

Laiti angenitukana! Ukatibu wenyewe nilikuwa nimeshauacha miaka sita. Niliaga, nikatoka, nikalilia kituoni mbele za watu.

Ninyi mnaokaa vikaoni leo, mnaopewa kalamu mseme nyumba ipi ibaki na ipi iende, nawasihi. Msiamulie mezani. Ingieni ndani kwanza, mwone nani amekaa mle na anangoja nini. Kama mnaweza kusema ibaki kwanza, semeni, hata mkichekwa. Kuchekwa kunapita. Na mama yako akikuomba siku arobaini, mpe. Mimi sasa siku ninazo tele, na hakuna anayeniomba hata moja.