Kigae cha Kibuyu Shingoni

Juzi nilikuwa sokoni Kashaulili nanunua dagaa, redio ya muuzaji ikatangaza kwamba nchi zinazosema Kifaransa zimekutana, na kwamba zote ni familia moja. Familia, eti. Nilirudisha dagaa nikaondoka, mwenyewe akadhani nimeona mchanga.

Ngoja nikueleze familia hiyo nilivyoionja mimi. Nilikulia kwenye makazi ya wakimbizi nje ya Mpanda. Kutoka Burundi nililetwa mgongoni kwa Bibi. Jirani yetu alikuwa karani huko kwetu. Jioni alitukalisha kwenye gogo nyuma ya banda lake la kukaushia tumbaku, mimi, Daforoza, Stanislasi na Onesfori, akitufundisha kusoma Kifaransa. Alisema siku tukirudi Burundi, asiyekijua atabeba mizigo ya wenzake. Shule ilikuwa mbali, Bibi hakutaka nipite porini, kwa hiyo ni pale au basi. Na mimi nilitaka kusoma kuliko nilivyotaka nyama.

Mwalimu huyo alikuwa na kigae cha kibuyu chenye kamba. Ukiteleza ukasema Kirundi, unavikwa shingoni, unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Atakayekutwa nacho Jumamosi anapalilia tumbaku ya mwalimu. Tukawa tunawindana kama paka na panya. Hata kucheka tulicheka kwa kubana midomo. Ila tumbaku yake, usiseme, magugu hayakuwahi kuonekana.

Jioni moja Bibi alikuja na bakuli la maharage, moshi bado unatoka, akaniita kwa Kirundi nikale. Nikaitika. Daforoza ndiye aliyekuwa nacho kile kigae, akanivika kabla sijafunga mdomo.

Bibi aliijua sheria ile, maana Jumamosi nilizopalilia yeye ndiye aliyenikanda mgongo. Akaanza kunivua kigae. Mwalimu akapandwa na hasira, akamfokea kwa Kirundi kitupu:

"Mama, unaniharibia watoto."

Bibi akamvika yeye.

"Haya, baba," akamwambia taratibu, "kapalilie."

Stanislasi alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye gogo. Aliyeumia ni mimi. Kesho yake niliambiwa gogo limejaa, na nilipokaa chini kwenye vumbi nikafukuzwa kama kuku. Nililia hadi nyumbani. Bibi hakunibembeleza.

"Afadhali usijue kusoma," alisema, "ujue kuitika."

Siku ile nilimchukia. Herufi nilizijua ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na kwa Kiswahili, ndizo hizi ninazokuandikia.

Mwalimu alirudi Burundi na Kifaransa chake, sijawahi kumwombea mema. Shamba lake sasa ni malisho ya ng'ombe wa Wasukuma. Daforoza amekufa, Onesfori amekufa, Stanislasi hasikii tena. Wajukuu wangu ni Waswahili watupu. Nimebaki na Kirundi cha Bibi mdomoni, na katika nyumba hii hakuna wa kuniita nacho nikamwitikia.